Msingi Imara wa Ghala katika Bonde la Mto Tana

Wakati wa kiangazi, mtu apitaye katika vijiji vya jirani na Garsen aweza kuona jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa upesi. Aweza kuona ghala ya matofali iliyoezekwa kwa bati jipya, nayo imepasuka kutoka sakafuni hadi chini ya paa, na mlango wake haufungiki tena. Na hatua chache kutoka hapo aweza kuona uchaga wa miti uliojengwa pasipo hata mfuko mmoja wa saruji, nao ungali umesimama wima.

Mara nyingi watu humlaumu fundi wa ghala ile ya matofali, wakisema ya kwamba alipunguza saruji au aliharakisha kazi. Pengine ni kweli. Lakini aghalabu kosa halikuwa katika kuta wala katika paa. Lilikuwa chini, mahali ambapo macho hayafiki, kwa sababu msingi uliwekwa bila kuulizwa kwanza tabia ya ardhi ya mahali pale. Katika bonde la Mto Tana ardhi ina tabia mbili ambazo mjenzi hana budi kuzijua: udongo wake husogea, na maji ya mto huja juu yake. Mtu azijuaye tabia hizi aweza kujenga kwa gharama ndogo ghala itakayokaa miaka mingi. Asiyezijua aweza kutumia fedha nyingi na kupata hasara.

Maelezo yafuatayo ni ya ghala ndogo ya mkulima, yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 8, iwezayo kubeba magunia 20 ya mahindi au ya mpunga.

MTO NA UDONGO WAKE

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hushuka hadi Garissa na Hola, kisha hufika Garsen na kuingia baharini karibu na Kipini. Katika nchi ya chini mto hauna haraka. Hupinda huku na huku, na kila ufurikapo huacha matope juu ya nchi.

Matope hayo hayaanguki yote mahali pamoja. Mchanga na chembe nzito huanguka kwanza, karibu na mto, na kwa hiyo kingo huinuka mwaka baada ya mwaka. Chembe laini huchukuliwa mbali zaidi, zikatua katika mabonde yaliyo nyuma ya kingo. Huko ndiko upatikanako udongo mweusi mzito. Wapokomo, waliolima kandokando ya mto huu tangu zamani, waliifahamu tofauti hiyo. Vijiji vyao vingi viliwekwa juu ya kingo zilizoinuka, na mpunga ukapandwa katika mabonde yapatayo maji. Nao Waorma huyatumia majani ya mabonde hayo kulishia ng'ombe zao wakati wa ukame, nao hawakai humo mafuriko yajapo.

Udongo mweusi ni mzuri kwa mpunga, bali ni mbaya kwa jengo. Upatapo maji huyanywa na kufura. Ukaukapo husinyaa na kupasuka nyufa pana, ambazo mara nyingine mtu aweza kuingiza mkono ndani yake. Sakafu ya zege ikiwekwa juu ya udongo huo, hupata taabu pande zote mbili za mwaka. Mvua ianzapo, udongo ulio kandokando ya sakafu hulowa kwanza, ukafura na kuinua kingo za sakafu, huku katikati kungali kukavu. Kiangazi kijapo, udongo wa kandokando hukauka kwanza, ukashuka na kuziacha kingo bila kitu chini yake. Basi sakafu hupindwa juu na chini kila mwaka, na zege, ambayo hustahimili sana kukandamizwa lakini haistahimili kupindwa, hupasuka. Sakafu ikipasuka, ukuta uliosimama juu yake hupasuka pia.

Iko njia nyepesi ya kuujua udongo huo. Chimba shimo la futi 3 mahali unapotaka kujenga, utwae konzi ya udongo wa chini, uuloweshe na kuuviringisha mikononi mpaka uwe kama kamba nyembamba. Kamba hiyo ikikatika upesi, udongo una mchanga wa kutosha. Ikiwa yaweza kukunjwa kama pete bila kukatika, huo ni udongo mzito, na yafaa kutahadhari nao.

MAFURIKO HAYAKUKOMA

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na bonde la Tana lilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Baada ya hapo yalijengwa mabwawa matano ya umeme katika sehemu ya juu ya mto: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo huyazuia maji kiasi, na kwa miaka kadhaa mafuriko huwa madogo. Kwa sababu hiyo watu wengine huamini ya kwamba mto umefugwa, wakajenga mahali ambapo babu zao hawakujenga.

Lakini bwawa lina mwisho wa kujaa kwake. Likijaa, maji yote yaingiayo hutoka. Mvua za El Niño za miaka 1997 na 1998 zilifurisha bonde zima. Mradi mkubwa wa mpunga wa delta ya Tana, uliokuwa chini ya mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, uliharibiwa pamoja na matuta yake ya kuzuia maji. Mto ulifurika tena mwaka 2018, na tena mwishoni mwa mwaka 2023, na tena katika masika ya mwaka 2024, na kila mara watu wengi walihama makwao.

Zaidi ya hayo, maji ya Tana hayangoji mvua ya Garsen. Mvua ikinyesha sana huko milimani, maji hufika nchi ya chini siku kadhaa baadaye, na mtu wa Garsen aweza kuuona mto ukipanda hali mbingu yake ni nyeupe.

Ikiwa matuta yaliyojengwa kwa mitambo mikubwa yalishindwa na mto, msingi wa ghala ya mkulima hauwezi kushindana nao. Ujengwe ili uyapishe maji, yapite na kwenda zake.

SABABU YA KUJALI JAMBO HILI

Huenda mtu akasema ya kwamba ghala ni kitu kidogo, na ufa wa sakafu si msiba. Yafaa afikiri tena. Sakafu iliyopasuka, au iliyolala sawa na ardhi, hupitisha unyevu kutoka chini. Gunia lililowekwa juu yake hulowa kidogo kidogo upande wa chini, na mwenyewe haoni. Mahindi yakipata unyevu huota ukungu, na aina moja ya ukungu huo hufanya sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 katika hao walikufa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Wala kuyatupia ng'ombe mahindi mabovu hakufai, kwa maana sumu hupita katika maziwa.

Kwa hiyo mahindi hayana budi kukaushwa vema kabla ya kuwekwa, hata unyevu uliomo usizidi asilimia 13 hivi, kisha yawekwe mahali ambapo hayatapata unyevu tena. Kazi ya kwanza ni ya jua na mkeka. Kazi ya pili ni ya msingi.

KUCHAGUA MAHALI

Kabla ya kushika jembe, mjenzi na azunguke kiwanja chake, atafute alama za maji. Mafuriko huacha mstari wa matope katika mashina ya miembe na katika kuta za udongo. Na awaulize wazee, hasa wale waliokuwapo mwaka 1961 na mwaka 1997, maji yalifika wapi. Kisha achukue kijiti apime kutoka ardhini mpaka alama ya juu kuliko zote. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua urefu wa ghala yake.

Alama ikiwa juu ya kiuno cha mtu, mahali hapo hapafai. Yafaa kutafuta mahali palipoinuka zaidi, ijapokuwa ni mbali kidogo na nyumba. Kadhalika asijenge penye mkondo, yaani mahali ambapo maji hupita mbio yafurikapo, kwa kuwa maji ya mbio huchimba udongo kuzunguka nguzo. Wala asijenge ukingoni kabisa mwa mto, mahali ambapo mto unapinda, kwa sababu Tana hula kingo zake na kuhama. Asijenge chini ya mwembe mkubwa pia. Kivuli ni kizuri kwa watu, lakini nafaka yataka upepo na jua, na panya huruka kutoka matawini.

Akisha kupapata mahali, ndipo achague mojawapo ya namna mbili za msingi. Penye udongo mweusi, au penye alama ya mafuriko, namna ifaayo ni uchaga juu ya nguzo. Penye mchanga au udongo mwekundu ulioinuka, ambapo maji hayafiki, sakafu ya zege yafaa.

NAMNA YA KWANZA: UCHAGA JUU YA NGUZO

Namna hii si ngeni kwa watu wa Tana. Kila mlinzi wa ndege katika shamba la mpunga huketi juu ya dungu, nalo husimama matopeni msimu mzima. Uchaga wa ghala ni dungu lililofanywa imara zaidi, kwa kuwa mzigo wake ni mzito zaidi.

Kwanza apime mraba. Na apige vigingi vinne na kufunga kamba, futi 10 kwa futi 8. Ili kujua kama pembe zake ni sawa, apime kutoka pembe hii mpaka pembe inayoielekea, kisha apime pembe zile nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, karibu futi 12 na inchi 10 kila kimoja, mraba umekaa sawa. Visipolingana, asogeze vigingi mpaka vilingane. Kazi hii huchukua muda wa nusu saa, nayo humwokoa mtu na taabu ya paa na mlango baadaye.

Ghala ya ukubwa huo yataka nguzo 9, safu tatu za nguzo tatu tatu. Hapa lipo kosa ambalo wengi hulifanya. Mtu huchagua nguzo nene na nzuri akaziweka pembeni, kwa sababu ndizo zionekanazo, na ile mbovu huificha katikati. Lakini mzigo haugawanyiki sawa. Magunia 20 yenye kilo 90 kila moja yana uzito wa kilo 1,800. Yakitandazwa sawasawa, nguzo ya katikati hubeba robo ya uzito huo, yaani kilo 450. Nguzo nne zilizo katikati ya kila upande hubeba kilo 225 kila moja. Na zile za pembeni hubeba kilo 112 hivi tu. Basi nguzo iliyo bora kuliko zote iwekwe katikati.

Mashimo yachimbwe futi 3 kwenda chini, ili miguu ya nguzo ipite ile sehemu ya udongo ifurayo na kusinyaa zaidi. Chini ya kila nguzo liwekwe jiwe bapa, au kipande cha zege, kisichopungua inchi 12 kila upande. Sababu yake ni hii: nguzo yenye upana wa inchi 6 hukanyaga ardhi kwa mguu mdogo, nayo huzama matopeni kama mtu apitaye kwa vidole. Jiwe la inchi 12 huutandaza uzito ule ule juu ya nafasi iliyo kubwa mara 5, na nguzo haizami. Chini ya nguzo ya katikati jiwe lafaa kuwa kubwa zaidi.

Shimo lisijazwe tena kwa udongo mweusi uliochimbwa, kwa maana ukifura utaishika nguzo na kuivuta juu. Lijazwe changarawe au mchanga wa mto, na kila inchi 6 zishindiliwe. Juu kabisa uwekwe udongo ulioshindiliwa kama kichuguu kidogo, ili maji ya mvua yateremke na yasiingie shimoni.

Urefu wa nguzo juu ya ardhi hutegemea ile alama ya mafuriko. Sakafu na iwe futi moja juu ya alama, wala isiwe chini ya futi 3 kutoka ardhini hata kama hapana mafuriko, kwa sababu ya panya na upepo. Mathalan, alama ikiwa futi 3, sakafu iwe futi 4. Na pamoja na futi 3 zilizo ardhini, nguzo itakuwa ya futi 7. Kila inchi 12 zinazoongezwa juu huiongeza hatari ya kuyumba, na kwa hiyo hapana budi kutia miti ya mshazari kati ya nguzo na nguzo. Lakini mishazari hiyo isiwe mingi hata ikanasa takataka na magogo yanayochukuliwa na maji. Upande mwembamba wa ghala ndio uelekezwe kule maji yatokako.

Lipo jambo moja ambalo husahauliwa sana. Mti huelea. Ghala iliyo tupu ikifikiwa na maji huweza kung'olewa juu ya nguzo zake na kwenda na mto. Kwa hiyo boriti za sakafu zisilazwe tu juu ya nguzo. Zifungwe kwa waya mnene, au kwa misumari ya parafujo yenye nati.

Miti ya mikoko ni mizuri kwa nguzo, kwa kuwa ni migumu na haiozi upesi, lakini ukataji wake wahitaji kibali cha wenye mamlaka ya misitu. Mti wa aina yoyote uondolewe ganda na kukaushwa kabla ya kutumiwa, na sehemu itakayokaa ardhini, pamoja na futi moja juu yake, ipakwe dawa ya kuzuia mchwa.

NAMNA YA PILI: SAKAFU YA ZEGE

Mahali pakiwa pamechaguliwa vema, sakafu ya zege hudumu kuliko mti. Kwanza udongo wote wa juu wenye mizizi na samadi uondolewe, usiopungua inchi 6. Likionekana tabaka la udongo mweusi, liondolewe lote. Na kama futi 3 zimechimbwa nalo halijaisha, yafaa kuacha shauri la zege na kurudia nguzo. Kuendelea ni kuzika fedha.

Shimo lijazwe udongo wa changarawe, kama ule utandazwao barabarani. Usimwagwe wote mara moja. Umwagwe inchi 6, urashiwe maji kidogo, ushindiliwe kwa gogo zito mpaka kisigino kisiache alama, kisha ndipo zije inchi 6 nyingine. Mtu ajazaye shimo lote na kushindilia juu tu hukaza ngozi na kuacha nyama laini. Mwaka wa pili sakafu itazama.

Juu ya changarawe yapangwe mawe kwa kina cha inchi 6, na nafasi zake zijazwe mchanga. Juu ya mchanga itandazwe karatasi nzito ya plastiki bila tundu, ili kuzuia unyevu upandao. Ubao wa pembeni ukisha kuwekwa na kusawazishwa kwa pimamaji, zege imwagwe kwa unene wa inchi 4. Vipimo vyake ni karai moja ya saruji, karai mbili za mchanga na karai nne za kokoto. Kwa sakafu ya futi 10 kwa futi 8 mifuko 5 hivi ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, yatosha. Uso wa sakafu usiwe chini ya futi moja juu ya ardhi iliyo nje.

Maji yatumiwe kwa kiasi. Vibarua hupenda zege laini kama uji kwa sababu humwagika bila taabu, lakini maji yaliyozidi yakikauka huacha matundu, na zege huwa dhaifu. Mchanga uwe wa mto. Watu wakaao upande wa Kipini, ambako maji ya bahari hupanda mtoni, wajihadhari na mchanga wa pwani na maji ya chumvi, kwa maana chumvi huozesha chuma kilichomo ndani ya zege.

Zege ikisha kushika, isiachwe jua liikaushe. Ifunikwe kwa magunia au majani, imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7. Saruji hupata nguvu zake kwa kunywa maji, na katika joto la Garsen sakafu iliyoachwa wazi hupasuka kabla haijabeba gunia hata moja.

Wengine huuliza kama wavu wa chuma waweza kuiponya sakafu iliyo juu ya udongo mweusi. Wavu husaidia kuzuia nyufa ndogo, lakini haubadili tabia ya udongo. Fedha ya wavu huleta faida zaidi ikitumiwa kwanza kuuondoa udongo mbaya.

ADUI WATATU

Jengo likisha kusimama, liko chini ya adui watatu: maji ya paa, mchwa na panya.

Paa lipite ukuta kwa futi 2 pande zote, na chini yake uchimbwe mfereji mdogo wenye mteremko, uyapeleke maji mbali na msingi. Maji yadondokayo mahali pamoja mwaka baada ya mwaka hufanya dimbwi, na dimbwi ndilo liufurishalo udongo.

Mchwa hujenga njia zao za udongo juu ya nguzo na kuta. Hapa uchaga una faida kubwa, kwa kuwa njia hizo huonekana, nazo zaweza kubanduliwa kila juma. Kwa hiyo nafasi iliyo chini ya ghala isigeuzwe kuwa mahali pa kuwekea kuni wala makuti.

Panya huzuiwa kwa kukata madebe ya bati na kuyakunja kama pia, kisha kuyafunga kuzunguka kila nguzo, mdomo mpana ukielekea chini, karibu na sakafu na si chini ya futi 2 na nusu kutoka ardhini. Ngazi iondolewe kila jioni. Nguzo tisa zenye kinga na ngazi moja iliyoachwa ni sawa na kutokuwa na kinga.

Katika ghala yenye sakafu ya zege, magunia yasiwekwe chini hata kidogo. Yapangwe juu ya kichanja cha inchi 6, nayo yawe mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, ili mama wa nyumba aweze kukagua pande zote na kufagia.

WAKATI WA KAZI

Wakati bora wa kazi hii ni miezi ya Januari, Februari na mwanzo wa Machi, kaskazi ivumapo, ardhi ikiwa kavu na nyufa zake zikionekana wazi. Nafasi ya pili ni Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Asiyejua udongo wake na amwite bwana shamba, autazame shimoni kabla halijafukiwa. Baada ya kila mvua kubwa mwenye ghala azunguke nguzo zake, na palipochimbwa na maji pajazwe changarawe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nchi ya Tana ufa huanza chini.

Wakulima wa mto huu wajua ya kwamba mafuriko yana sura mbili. Huchukua mazao yaliyo shambani, lakini yakipungua huacha matope mapya yenye rutuba na unyevu wa kuotesha mbegu. Unyevu huo haukai muda mrefu. Mwenye mbegu mkononi hupanda mara maji yatokapo, akavuna. Aliyelowanishwa mbegu zake hungoja msaada, na mbegu za msaada zimfikiapo, mara nyingi ardhi imekwisha kukauka na kupasuka. Futi moja ya nguzo juu ya alama ya maji ndiyo iwezayo kuwatenga watu hao wawili.